Yai Haliendi Mkono kwa Mkono

Antsirabe, 9 Februari 1997

Mdogo wangu Nivo,

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo, bomba la mtaani limepasuka, na paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote, kwa hiyo sufuria yako ya zamani bado ina kazi. Mwanangu Hery yuko Toamasina, bado bandarini. Mkewe Fara ni mjamzito, anatazamia mwishoni mwa Juni. Kuku wa Rakoto wanataga vizuri. Goti langu la kushoto linauma asubuhi, mchana linapona, jioni linakumbuka.

Barua yako imefika. Ni ya kwanza baada ya miaka miwili na miezi minne. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa. Unasema mnakuja Julai, wewe na watoto, wiki tatu. Nimefurahi. Naandika hivyo waziwazi usije ukasema sikusema.

Unauliza watoto waone nini kwanza. Umetaja ziwa, maji ya moto na treni. Watoto hao ni wajukuu wa Mama. Waanzie sokoni, Jumamosi, kwenye mstari wa mayai. Nafasi ya Mama ninayo mpaka leo, ya tatu kutoka kona, kushoto kwa Bi Raketaka wa mayai ya bata. Ziwa halitawauliza wao ni wa nani. Soko litawauliza.

Niandikie wanapenda kula nini.

Dada yako,
Voahangy


Grenoble, 16 Machi 1997

Dada,

Pole na goti. Huku theluji imeanza kuondoka milimani na mitaa yote ni tope. Bertrand anakusalimu. Yeye hatakuja, kazini kwake Julai hawatoi likizo. Mimi bado napika kwenye shule ya msingi, sahani mia mbili na arobaini kwa siku. Mayai tunaletewa yakiwa yamekwisha vunjwa, ndani ya maboksi kama ya maziwa. Usimwambie Bi Raketaka, atacheka mpaka aanguke.

Tangu niwaambie watoto, nyumba hii haina amani! Miora ametimiza miaka kumi. Amechora kalenda, ameibandika kwenye mlango wa friji, na kila asubuhi anafuta siku moja kabla hajanawa uso. Tojo ana sita. Ameuliza kama sokoni kwetu wanyama ni wazima. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Wote?" Amekwisha funga begi. Nililifungua nikakuta tochi, kamba na soksi moja. Umeuliza wanakula nini. Wanakula tambi kwa jibini. Siku nyingine tambi bila jibini.

Sasa nina ombi. Soko tuliweke mwisho, wiki ya tatu, au tupite upande wa matunda tu. Sababu unaijua. Ulikuwepo Jumamosi ile ya Septemba 1986. Gari lilikuwa limekwisha washwa kuondoka, nami nakimbia na begi begani. Mama alikuwa amenifungia mayai matano ya kuchemsha kwenye kitambaa. La sita akaninyooshea, nami nikalipokea mkononi mwake. Halikuwekwa chini kwanza. Mkono kwa mkono, mbele ya mstari mzima. Bi Raketaka alipiga yowe, "Wee mtoto! Huo ni ugomvi!" Mimi nikacheka, nikakimbia. Sikumwona Mama tena.

Hapa naishi kati ya watu wanaopeana mayai kama kupeana kalamu, na hawapatwi na lolote. Hata hivyo nikitaka kumpa Miora yai naliweka mezani, naye analiokota.

Wanawake wa mstari ule ndio waliombeba Mama kwenda kuzikwa mwaka 1990, mimi sipo. Telegramu yako ilichelewa, nilikwisha kukueleza. Je, bado wanasema habari ya yai lile? Nijibu hili, hata kama mengine hutayajibu.

Nivo


Antsirabe, 20 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Bomba limetengenezwa, limepasuka, limetengenezwa tena. Baridi imewahi mwaka huu. Bi Raketaka ameng'oa meno mawili ya mbele, na sasa akitukana unatoka upepo tu, lakini hajapunguza.

Watoto wafundishe mambo haya kabla hawajapanda ndege. Yai huwekwa kwenye majani makavu, mnunuzi anaokota mwenyewe. Hata akinyoosha mkono, hata akiwa na haraka, hata akiwa askari. Likienda mkono kwa mkono, wawili hao watagombana. Kulijua yai bovu, wakunje ngumi kama bomba, waweke yai upande mmoja na jicho upande wa pili, waelekee jua. Likiwa jekundu safi, zuri. Likiwa na wingu, weka kando. Na wasianze kutaja bei kabla hawajasalimu.

Mwaka juzi mtalii mmoja alinyoosha mkono nusu saa nzima akidhani ninamdharau. Tulimsamehe, mgeni. Wajukuu wa Mama si wageni.

Rakoto amekubali kunipa trei kumi za Jumamosi mkiwa hapa. Tambi zipo dukani, lakini sitazinunua.

Uliniuliza swali moja. Karatasi imekwisha.

Voahangy


Grenoble, 8 Juni 1997

Dada,

Tiketi ninazo mkononi! Tunatua Jumatano tarehe 9 Julai asubuhi, na jioni tutakuwa Antsirabe. Kalenda ya Miora imebaki na viboksi thelathini na moja. Fara anaendeleaje? Mwambie namletea blanketi la mtoto.

Masomo yako wameyashika. Wametandaza taulo sakafuni jikoni wakaita ndiyo mstari wa mayai. Mpaka leo tumepoteza mayai saba. Jana Tojo alikuwa anamwuzia baba yake.

"Habari za asubuhi, bei gani?"

"Milioni."

"Punguza kidogo, mzee."

"Hapana. Okota au uende."

Nani kamfundisha, sijui. Damu hiyo. Miora anauliza maswali ya mahakamani. Ameniuliza, "Ukisahau ukatoa mkononi, mnagombana kwa muda gani?"

Karatasi yako ilikwisha. Humu ndani nimekuwekea karatasi tano nyeupe. Nijibu.

Nakwambia mapema pia: sokoni nitakwenda, kwa sababu watoto hawanipi nafasi ya kukataa. Lakini wewe uwe mbele, mimi nyuma yako. Hivyo nitaweza. Peke yangu mbele ya wale wanawake siwezi.

Nivo


Antsirabe, 3 Julai 1997
(juu ya meza, chini ya kikombe)

Nivo,

Karibu nyumbani. Jirani amekupa ufunguo, ndiyo maana unasoma hapa.

Sipo. Fara amejifungua mtoto wa kike, nimekwenda Toamasina kusaidia. Nitarudi katika wiki yenu ya pili. Mablanketi yako kabatini, mchele kwenye pipa, kuni nimekata.

Jumamosi tarehe 5 nafasi yetu itakuwa tupu. Kanuni ya mstari haijabadilika: nafasi ikikaa tupu Jumamosi mbili mfululizo, anapewa aliye mbele ya foleni. Aliye mbele ana watoto watano na simlaumu. Jumamosi ya pili ni tarehe 12. Anayesimama lazima awe wa ukoo wa Mama, mtu wa kukodi hakubaliwi. Wa ukoo wa Mama mliopo mjini siku hiyo ni watatu: wewe, Miora na Tojo.

Rakoto ataleta trei saa kumi na moja alfajiri. Aproni ya Mama iko nyuma ya mlango.

Kati ya karatasi zako tano nimetumia hii moja.

Voahangy


Antsirabe, 13 Julai 1997

Dada,

Hongera ya mjukuu. Mpe Fara pole na hongera, blanketi linakuja. Sisi ni wazima, ila Tojo amevimbiwa, na kosa ni lake.

Nilikukasirikia kuanzia Jumatano saa moja jioni mpaka Jumamosi saa tano asubuhi. Karatasi yako ya mezani niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaitupa, nikaiokota. Ijumaa nilikwenda mpaka kwa Rakoto kumwambia asilete mayai. Nilimkuta anayapanga, nikamwuliza habari za mkewe, nikarudi nyumbani.

Ngoja nikueleze kama lilivyokuwa.

Saa kumi na moja Rakoto alikuwa mlangoni. Majani ya uani yalikuwa meupe kwa barafu. Tulichukua riksho mbili, moja ya mayai na Miora, nyingine yangu na Tojo. Mvutaji alimwuliza Miora, "Bibi mdogo, umebeba nini humo?" Akamjibu kwa lugha yetu, neno moja moja, kama anapanga vikombe: "Mayai mia tatu. Tafadhali usikimbie." Yule bwana akatembea mpaka sokoni kama amebeba bibi harusi.

Dada, ungemwona Tojo akiingia soko la Asabotsy! Aliona chenza zimepangwa mafungu marefu kama yeye, akapiga kelele. Aliona soseji zinaning'inia, akapiga kelele. Aliona mabata bukini kumi na mawili yamefungwa miguu, akanyamaza, akaninong'oneza, "Yote mazima?" Kabla sijajibu, moja likamshika shali. Wakavutana. Mwenye bata anashangilia, "Vuta, baba! Usimwachie, huyo amezoea kushinda!" Tojo alishinda, akapata nusu ya shali. Kwa Zafy wa vitumbua alikula kumi na kimoja, akashushia na maji ya ukoko, akasema ni chai ya wali na kwa nini kwetu Grenoble tunautupa ukoko. Mtoto wa tambi huyo.

Mimi niliwazungusha upande wa matunda, kisha upande wa mboga, kisha tena matunda. Wachukuzi wa trei walianza kunung'unika. Kwenye kona ya dagaa wakavu nikauona mstari, nikasimama. Miora akanivuta aproni. "Mama, ni ya tatu kutoka kona. Mama Mkubwa ameandika." Nikabaki nimesimama. Akanitazama, akachukua trei moja, akatangulia. Kwa hiyo nimeingia kwenye mstari wa mayai nyuma ya mgongo wa mtu, kama nilivyotaka. Mgongo wenyewe una miaka kumi.

Bi Raketaka alitazama aproni kwanza, kisha uso.

"Aproni hiyo naijua," akasema. "Aliyeivaa simjui."

"Ni mimi Nivo, Bi Raketaka. Shikamoo."

"Nivo gani?"

"Wa Rasoa."

"Rasoa alikuwa na binti mmoja hapa. Mwingine alikimbilia gari, tunadhani bado analikimbilia."

Mstari ukacheka. Nikainama kutandaza majani makavu. Nilitandaza muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Lakini biashara ilitukuta. Miora alikunja ngumi, akaanza kupima mayai kwenye jua, moja baada ya jingine, jicho moja limefumbwa. Mpishi mmoja wa hoteli, mwenye kofia ya majani, alitaka trei mbili. Miora akamtolea mayai mawili kando. "Hili hapana. Hili pia hapana." Mpishi akawageukia wenzetu: "Mnamwona huyu? Anafukuza mayai yake mwenyewe! Basi niwekee trei nne." Tojo alipewa kazi ya kusalimu. Alisalimu kila aliyepita, pamoja na mbuzi. Saa tatu tulikuwa tumeuza trei sita.

Saa nne na nusu hivi, yai moja la bata likabingirika kutoka kwenye kapu la Bi Raketaka likielekea ukingoni mwa meza. Miora alilidaka hewani. Mstari mzima ukapiga makofi. Naye kwa furaha akageuka, akamtia Bi Raketaka yai lile kiganjani, na Bi Raketaka kwa furaha ya yai kupona akalifumbata.

Mkono kwa mkono.

Makofi yalikatika. Zafy, ng'ambo ya njia, alibaki na kijiko juu, unga unachuruzika. Miora akashika mdomo.

"Nimesahau. Sasa tutagombana?"

Bi Raketaka alilitazama yai, akamtazama yeye. "Tutagombana. Hakuna njia. Ila mimi mzee, siwezi kubeba ugomvi mpaka nyumbani, kilima kile kinanitosha. Tuugombane hapahapa uishe. Anza wewe."

"Niseme nini?"

"Lolote. Nitukane kidogo."

Miora alifikiri. "Mayai yako ni ya kijani."

"Ya kijani!" Bi Raketaka akasimama, mikono kiunoni. "Mnasikia? Ya kijani! Na wewe je, una miguu kama njiti za kuchokolea meno!"

"Na wewe huna meno ya kuchokoa!"

Dada, Zafy alikaa chini kwenye maji yake ya kuoshea vyombo. Mwenye mabata alikuja mbio kutoka upande wa pili kuuliza kimetokea nini, ikabidi arudiwe. Bi Raketaka alicheka mpaka akajishikia meza, upepo unatoka kwenye pengo. Akamvuta Miora, akamfuta pua kwa ncha ya kitambaa chake. "Umekwisha huo. Mjukuu wa Rasoa kweli. Ulimi uleule."

Kisha, macho bado yana machozi ya kicheko, akanigeukia.

"Na huyu? Huyu naye alipokea mkononi. Ugomvi wake nani aliumaliza? Haya, Nivo. Zamu yako."

Nikadhani ni mzaha unaendelea. Haukuwa mzaha.

"Mama yako aliniuliza kila Jumamosi kama nimemwona mtu wa posta," akasema. "Kila Jumamosi. Tulimbeba sisi. Mimi nilishika upande wa kichwa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo kusema telegramu ilichelewa. Miora alikuwa ananitazama kwa jicho lilelile la kupimia mayai.

Nikasema: "Telegramu ilinifikia asubuhi, kesho yake baada ya Mama kufariki. Haikuchelewa. Mume wangu alikwisha kuulizia ndege. Nilikaa kitandani siku nzima nimevaa koti. Niliogopa nyinyi. Na niliamini nimemuua mimi, kwa yai lile."

"Kwa yai!" Bi Raketaka akageukia mstari. "Amemuua kwa yai! Rasoa aliuawa na moyo wake na ngazi za kanisa, na daktari alikwisha kumkataza ngazi hizo. Yai linaleta ugomvi, halileti jeneza. Usijipe cheo. Lakini kutokuja, hilo ni lako."

"Ni langu."

"Sema kwa sauti, wa kule mwisho hawajasikia."

"Ni langu! Nilitakiwa kuja, sikuja!"

"Tumesikia!" likaja jibu kutoka kule mwisho. "Na salamu za Krismasi je? Hata kadi!"

"Na kapu langu la mkaa!" Zafy naye. "Ulilichukua mwaka ule wa kuondoka, mpaka leo!"

"Nililiacha kwa Voahangy!"

"Voahangy anakana!"

Nikagombana na mstari mzima, Dada. Robo saa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, wateja wanasubiri, hakuna aliyeondoka, ilikuwa burudani yao. Mmoja aliniambia nimenenepa. Nikamwambia yeye amekonda. Tojo aliniunga mkono bila kujua ni vita gani, anapiga kelele "Okota au uende!" Walipoishiwa, Bi Raketaka alichukua mayai mawili ya bata, akayaweka kwenye majani mbele yangu, taratibu, akaondoa mkono.

"Okota."

Nikaokota.

"Ya watoto. Chemsha dakika kumi. Na umfunge kitambaa vizuri huyo mdogo, shali lake limeliwa."

Ilikuwa saa tano. Saa saba tulikuwa tumebakiwa na mayai kumi na moja. Nafasi ya Mama iko palepale. Yule mama wa watoto watano alikuja kutusalimu, nikamwekea sita kwenye majani. Miora amerefusha kalenda yake kwa mkono: "Jumamosi 19, soko, saa kumi na moja." Ziwani hataki hata kusikia.

Swali nililokuuliza Machi na Juni nimelijibu mwenyewe. Lakini nina jipya. Bi Raketaka anasema mjukuu wako alizaliwa tarehe 28 Juni, mzima, na kwamba mama yake Fara anakaa naye nyumba moja tangu Mei. Wewe ulikwenda Toamasina kufanya nini?

Barua hii nampa dereva wa gari la abiria, posta itachelewa.

Nivo


Toamasina, 16 Julai 1997

Nivo,

Mtoto ana kilo tatu na nusu na analala kama aliyelipwa. Huku ni joto, mbu, na goti linapenda. Mama yake Fara anapika, anafua, anambeba mtoto. Mimi nimepewa kazi ya kukunja nepi, na kwa kuwa zimekwisha, nakunja zilizokunjwa.

Barua yako dereva aliileta mwenyewe mpaka mlangoni. Hery aliisoma kwa sauti. Kwenye meno ya kuchokoa Fara alicheka mpaka mtoto akaamka. Nimeichukua, nimekwenda kuisoma tena uani.

Umeuliza, nakujibu. Sikuja huku kwa sababu ya mtoto. Ningekuwa mbele yako Jumamosi ile, wangenisalimu mimi, wewe ungepita chini ya kwapa langu, wiki tatu zingekwisha na ungerudi Grenoble bila mtu hata mmoja kukuuliza kitu. Nilikaa huku nikihesabu saa. Jumamosi sikula mpaka mchana.

Habari ya telegramu niliijua. Nilipoituma nililipia nirudishiwe taarifa ya kupokelewa. Ina tarehe, ina saa, ina sahihi yako. Imo ndani ya kopo la sindano. Miaka saba nilingoja uniambie mwenyewe, na umewaambia wauza mayai kwanza. Sawa.

Lililobaki ndilo lililomaliza karatasi Aprili, na Julai pia.

Siku ile ulipoondoka, jioni, tulikuwa jikoni mimi na Mama. Nilimwambia Nivo ametuaibisha, amepokea mkononi. Mama akasema: "Hakupokea. Nimempa. Ningeliweka chini angeokota yai akaenda zake. Nilitaka kumshika mkono." Akaniambia nikuandikie hivyo, usije ukaogopa. Nikasema nitaandika.

Mimi nilikaa upande wake wa kulia sokoni miaka kumi na tisa. Kwangu aliweka chini kila siku, kama kanuni inavyotaka. Sikuandika wiki ile, wala iliyofuata. Mama alipofariki nikaona muda umepita. Haukuwa umepita. Ukiniuliza kwa nini, sina zaidi ya hayo, na hayo ni ya kweli.

Kapu la Zafy ninalo. Liko darini, nyuma ya masanduku. Nilikana kwa sababu lilikuwa zuri.

Napanda gari kesho. Nitafika kituoni Antsirabe Ijumaa tarehe 18 saa nane mchana. Njoo na watoto. Leta yai moja la kuku, la kuchemsha. Usiliweke chini. Nipe mkononi, mbele ya watu wote wa kituo, nami nitapokea, kisha tuanze. Nitaanza mimi, maana ndimi mkubwa na nina mengi. Wewe andaa yako. Miora asimamie, ana jicho.

Tujitahidi kumaliza kabla ya Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Rakoto hasubiri.

Dada yako,
Voahangy